Kompyuta ya Windows 7 iko Nansio, mimi niko Mwanza: naiendeshaje kwa mbali?

*"Nina duka la vifaa vya ujenzi Buzuruga, Mwanza, na tawi moja Nansio, Ukerewe. Kompyuta ya tawini ni ya zamani, Windows 7 Home Premium ya biti 32, RAM GB 2. Programu ya stoo na mauzo tuliyotengenezewa miaka mingi iliyopita inakubali humo tu. Ikigoma, napanda meli kwenda kubofya kitu cha dakika tano. Fundi mmoja amesema atafungua Remote Desktop kwenye rauta, na kwa kuwa Home haina huduma hiyo atapachika faili ya kuilazimisha. Fundi mwingine amesema programu za kuendesha kompyuta kwa mbali ni za wezi, nisiziguse, ninunue kompyuta mpya. Mwenyewe nilijaribu AnyDesk, mojawapo ya programu hizo, ikabaki inasema haijaunganishwa na mtandao wakati intaneti ipo. Intaneti ya kule ni modemu ya laini ya simu. Na kijana wa dukani ameanza kununa, anasema nataka kumchungulia. Nishike lipi?"*

Kazi unayoitaka inawezekana, na huna haja ya kuitupa kompyuta ya Nansio wiki hii. Ila njia ya fundi wa kwanza ikatae kabisa, na ushauri wa fundi wa pili uuchukue nusu. Ukiwa na Windows ya zamani, jina la programu utakayoweka lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. La kuuliza ni hili: mawasiliano yanaanzia wapi? Kompyuta imekaa inasubiri yeyote aifikie kutoka popote duniani, au yenyewe ndiyo inayotoka kwenda kumtafuta anayeruhusiwa?

Remote Desktop, huduma ya Windows ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, hufanya kazi kwa kusubiri. Inakaa macho kwenye poti (mlango wa mawasiliano) namba 3389, na yeyote anayeifikia poti hiyo anaombwa jina na nywila. Ndani ya ofisi moja hilo halina neno. Ukiifungua kwenye rauta umeiweka mbele ya intaneti nzima, na huko kuna mitambo inayopita anwani moja baada ya nyingine usiku na mchana ikitafuta poti hiyo hiyo. Haijali kama mwenye anwani ni benki ya London au duka la misumari Nansio. Ikiikuta, inaanza kubahatisha nywila.

Kwa Windows 7 kuna baya zaidi. Mei 2019 Microsoft ilitangaza udhaifu ulioitwa BlueKeep, uliokuwa ndani ya Remote Desktop yenyewe, ambao ulimwezesha mvamizi kuingia bila kuwa na nywila yoyote. Uligusa Windows 7 na za kabla yake. Windows 8 na 10 hazikuwamo. Uzito wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka (sasisho la kuziba udhaifu) hata kwa Windows XP, ambayo ilikuwa imeacha kuihudumia tangu Aprili 2014. Windows 7 nayo iliachwa tarehe 14 Januari 2020, na hata makampuni yaliyolipia nyongeza yalifikia mwisho Januari 2023. Maana yake, udhaifu unaogunduliwa leo kwenye Windows 7 hauna mtu wa kuuziba.

Kuhusu faili ya kulazimisha: Home Premium inaweza kutumia Remote Desktop kwenda kwenye kompyuta nyingine, lakini haikupewa uwezo wa kupokea. Faili hizo huibadilisha sehemu ya mfumo inayoshughulika na jambo hilo, na aliyezitengeneza hujui ni nani wala ameongeza nini humo. Kwenye kompyuta yenye hesabu za wateja na madeni yao, hilo halikubaliki.

Isitoshe, kwa laini ya simu mpango huo kwa kawaida haufanyi kazi hata ukilazimishwa. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, hivyo mtu wa nje akiiita anwani hiyo, mtandao haujui ampeleke kwa nani. Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Fungua ukurasa wa modemu, soma anwani ya IP iliyopewa na mtandao, kisha ingia kwenye tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP. Zikitofautiana, na ile ya kwenye modemu ikaanza na 10, au ikawa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani ya pamoja. Hapo kufungua poti kwenye modemu ni kupoteza fedha ya fundi.

AnyDesk, TeamViewer, RustDesk na ndugu zao wanakwenda kinyume chake. Kompyuta ya Nansio inapiga simu kwenda kwenye seva ya katikati na kukaa hewani. Na wewe wa Buzuruga unapiga simu kwenye seva hiyo hiyo, unataja namba ya kompyuta unayoitaka, nayo inawaunganisha. Hakuna aliyeingia kutoka nje bila kuitwa, ndiyo maana njia hii inapita kwenye modemu ya simu bila kugusa mpangilio wowote.

Sasa fundi wako wa pili. Hajakosea kwamba wezi wanazitumia programu hizi. Mtindo wao unajulikana: mtu anapiga simu, anajitambulisha kuwa ni wa benki au wa kampuni ya simu, anakuomba usakinishe programu, kisha umsomee namba inayotokea kwenye skrini. Ukimsomea na kubofya kukubali, umemkabidhi kompyuta. Programu ni halali kabisa. Aliyedanganywa ni mtu. Kwa hiyo mwambie kijana wako waziwazi, na ubandike karatasi pembeni ya skrini: namba hii haisomewi mtu yeyote kwa simu, hata akisema ametumwa na bosi. Wewe mwenyewe hutahitaji kumuuliza, kwa sababu utakuwa umeihifadhi.

Tuje kwenye AnyDesk iliyogoma. Hapa wengi huanza kulaumu intaneti, wakati huenda sababu iko kona ya chini kulia ya skrini. Mwombe kijana akusomee tarehe, mwaka ukiwemo. Kompyuta za umri huo zina betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu, aina ya CR2032, inayotunza saa pale umeme unapokatika. Ikifa, kila TANESCO wakikata umeme kompyuta inaamka ikidhani ni mwaka 2009 au 2010. Programu inapotaka kuzungumza na seva kwa usiri, inakagua cheti (kitambulisho cha kidijitali) cha seva hiyo, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa kompyuta inayoamini iko 2009, cheti cha leo bado hakijazaliwa. Inakikataa, na wewe unaona tu kwamba "haijaunganishwa". Tovuti nyingi nazo zitakuwa zinagoma kufunguka. Hiyo ni dalili nyingine ya kumuuliza.

Betri hiyo hupatikana kwa mafundi saa na kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta, na bei yake ni ndogo. Inabadilishwa kompyuta ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Kama ni ya mezani, mtu mtulivu anaweza kuibadilisha. Kama ni laptopu, mpe fundi. Tahadhari moja: kabla ya kuitoa, washa kompyuta, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows), upige picha za kurasa zote kwa simu. Hasa ukurasa unaoonyesha namna diski inavyoendeshwa, IDE au AHCI. Mpangilio huo ukibadilika, Windows 7 huishia kwenye skrini ya bluu na utadhani diski imekufa, wakati kurudisha neno moja kwenye BIOS kunamaliza tatizo.

Kama tarehe iko sawa, hatua ya pili ni kuangalia Service Pack 1, furushi la masasisho ya Windows 7. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya Computer, chagua Properties, uangalie kama maneno hayo yapo. Yasipokuwepo, programu nyingi za sasa hazitasakinika. Yakiwepo, bado kuna masasisho mawili ya mwaka 2019 ambayo kompyuta nyingi za dukani hazikuyapata: KB4490628, kisha KB4474419. Haya ndiyo yanayoifundisha Windows 7 kutambua saini za kisasa za programu, zile za SHA-2. Bila hayo, programu mpya yenye saini halali inaonekana kama haina mwenyewe. Yapakue ukiwa Mwanza kwenye kompyuta yako, kutoka Microsoft Update Catalog, ukichagua ya x86 kwa kuwa yako ni biti 32, uyapeleke kwa flashi. Sakinisha kwa mpangilio huo nilioutaja, uwashe upya kila baada ya moja.

Ukimaliza hayo, AnyDesk au mwenzake ana nafasi nzuri ya kukubali. Angalia tu kwenye ukurasa wa mtengenezaji kama toleo unalopakua bado linaikubali Windows 7, maana matoleo mapya ya programu nyingi yanaiacha moja baada ya jingine. Chrome yenyewe ilisimama kwenye toleo la 109. Na usipakue kutoka tovuti nyingine yoyote, wala usipokee ya flashi ya mtu. Jambo la leseni nalo nalisema wazi: toleo la bure la AnyDesk na la TeamViewer ni la matumizi binafsi. Duka ni biashara, na zikigundua hivyo zinaweza kukukatia mawasiliano katikati ya kazi. Lipia, au tumia RustDesk, ambayo msimbo wake uko wazi na haina sharti hilo.

Hiyo ni njia ya kwanza na ya gharama ndogo. Udhaifu wake ni kwamba kompyuta isiyozibwa tena viraka inabaki kwenye intaneti saa zote. Kama duka lingekuwa langu, ningetumia njia ya pili, ambayo sijui kwa nini mafundi wengi hawaipendekezi.

Njia yenyewe: tafuta laptopu ya mtumba ambayo bado inapokea masasisho. Uliza kama inakubali Windows 11, maana Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Iweke Nansio kando ya kompyuta ya zamani. Intaneti ya modemu iende kwenye laptopu peke yake. Kompyuta ya Windows 7 iondoe kabisa kwenye intaneti, na uiunganishe na laptopu kwa waya wa mtandao. Laptopu ipe anwani 192.168.50.1 na ya zamani ipe 192.168.50.2, zote kwa mask ya 255.255.255.0, na kwenye ile ya zamani uache wazi sehemu ya gateway (njia ya kutokea kwenda intaneti) na ya DNS (inayotafuta anwani za tovuti). Usiwashe kugawana intaneti kwenye laptopu, utakuwa umerudi ulikotoka.

Kisha kwenye Windows 7 sakinisha TightVNC, programu ya kuonyesha na kuendesha skrini yake kutoka kompyuta nyingine, kama huduma ya mfumo. Wewe ukiwa Buzuruga unaingia kwenye laptopu kwa programu ya kisasa, na ukiwa ndani ya laptopu unafungua skrini ya ile ya zamani. Mtu anaweza kukuambia VNC, mfumo unaotumiwa na TightVNC, si salama, na kwa intaneti yuko sahihi: nywila yake inaishia herufi 8, na mazungumzo yake hayafichwi. Lakini hapa yanapita kwenye waya wa mita moja juu ya meza yako. Hata hivyo, kwenye TightVNC kuna sehemu ya Access Control; ruhusu 192.168.50.1 pekee, nyingine zote kataa.

Kuna mahali utakwama, nakuambia mapema usije ukachanganyikiwa. Mtandao usio na gateway, Windows 7 inauita "Unidentified network" na kuuweka kwenye kundi la Public, ambako ulinzi wake unazuia karibu kila anayetaka kuingia. VNC itakuwa imesakinika vizuri lakini laptopu haiioni. Usizime ulinzi wote. Ingia kwenye Windows Firewall, upande wa Advanced settings, tafuta kanuni ya TightVNC, iruhusu kwenye Public, na kwenye Scope andika 192.168.50.1 tu.

Na usigawane folda ya C: kati ya kompyuta hizo mbili kwa sababu tu ni rahisi. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia SMB toleo la 1, njia ya zamani ya kugawana mafaili, ingawa kiraka chake kilikuwa kimetoka Machi mwaka huo. Windows 7 inaweza kutumia toleo la 2, hivyo la 1 lizimwe.

Faida nyingine ya laptopu ni betri. Umeme ukikatika, wewe unaendelea kuiona Nansio na kujua kinachoendelea, mradi modemu nayo ina chaji. Kompyuta ya mezani iwekee UPS (betri ya akiba ya umeme), hata ndogo, inayotosha kuizima kistaarabu, kwa sababu kuzimika ghafla ndiko kunakoharibu faili za programu kama yako. Kwenye BIOS yake tafuta mpangilio unaoamua kompyuta ifanye nini umeme ukirudi, uiwekee iwake yenyewe. Kwenye Windows zima kulala: kompyuta iliyolala haipokei mtu. Kwa njia yoyote utakayochagua, programu ya kuingilia isakinishwe kama huduma inayoanza pamoja na Windows, kwa nywila ndefu ya kudumu na uthibitisho wa hatua mbili kama upo. Isiposakinishwa hivyo, siku Windows itakapouliza ruhusa ya kubadilisha kitu, skrini ya Nansio itafifia na wewe hutaona kitufe cha kubofya. Utabaki kumwelekeza kijana kwa simu. Mtandao ukiwa mzito, punguza rangi na uondoe picha ya nyuma ya skrini. Bando nalo litadumu.

Kununua kompyuta mpya na kuhamia moja kwa moja, kama alivyosema fundi wa pili, ndiko unakopaswa kufika siku moja. Mtafute aliyeitengeneza programu yako, au mwingine anayeweza kusoma data yake. Muulize kwanza kama inagoma kwa sababu ya biti. Windows 11 ni ya biti 64 tu, na programu za zamani sana za biti 16 haziendeshwi humo kabisa. Ikiwa ni hivyo, inawezekana kuifungia Windows 7 nzima ndani ya kompyuta mpya kama mashine pepe. Kazi hiyo mpe anayeijua, na umuulize habari ya leseni ya Windows kabla.

Kijana wako ana hoja, usimpuuze. Kompyuta ni yako, lakini kama amefungua WhatsApp yake humo, mazungumzo yale si yako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za mfanyakazi ni taarifa binafsi kama za mtu mwingine yeyote. Kaa naye kabla ya kusakinisha. Mwambie utaingia kwa ajili gani, mwonyeshe alama inayotokea kwenye skrini unapoingia, na mkubaliane kwamba saa za mauzo unampigia kwanza. Mtengenezee akaunti ya kawaida ya kufanyia kazi, ile ya msimamizi ubaki nayo wewe. Hilo linamlinda na yeye, kwa kuwa kitu kikiharibika kwenye mfumo hakuna atakayemnyooshea kidole. Na kwenye kompyuta ya mauzo kusiwe na mambo binafsi ya mtu yeyote, wewe ukiwemo.

Kabla ya haya yote, chukua nakala ya akiba ya data ya programu ya stoo. Ifunge programu kwanza, nakili folda yake nzima kwenye diski ya nje, kisha ifungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine kuona kama kweli inasomeka. Diski hiyo iondoke dukani, isikae imechomekwa. Hata fundi utakayemwita, mpime kwa hilo: asiyeuliza habari ya nakala kabla hajagusa kitu, mwache aende.

Kuna hali ambazo kwa mbali huziwezi, na kujaribu kunaongeza hasara. Diski ikianza kutoa mlio wa kugonga, au kompyuta ikichukua muda mrefu kuliko kawaida kufungua faili moja, usiiendeshe tena kwa mbali wala usijaribu kuitengeneza kwa programu. Izimwe, na diski ipelekwe kwa mtu anayeokoa data. Skrini ya bluu inayojirudia inahitaji mtu aliye mbele ya kompyuta. Na kijana akikupigia kwamba mausi inatembea yenyewe wakati wewe hujaingia, au mafaili yamebadilika majina na kuna ujumbe unaodai fedha, mwambie achomoe waya wa mtandao na modemu papo hapo, asibofye chochote, apige picha ya skrini kwa simu yake. Usilipe. Badilisha nywila zako zote kutoka kompyuta nyingine, ikiwemo ya programu ya kuingilia, toa taarifa polisi, na umpeleke Nansio fundi unayemwamini akiwa na ile diski ya akiba.